Mkulima anunue mwanga, asinunue tarakimu za kwenye boksi

KWA mkulima na mfanyabiashara mdogo wa mazao, kazi haiishi jua linapozama. Nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni mkoani Iringa hupakiwa jioni ili viwahi masoko ya Dar es Salaam kabla hakujakucha. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wawili hawakurudi zizini hutoka kuwatafuta gizani. Na katika vijiji vilivyo jirani na hifadhi, kuanzia Tunduru na Meatu nchini Tanzania hadi Taita Taveta nchini Kenya, usiku ndipo tembo na nguruwe mwitu wanapoingia kwenye mahindi yaliyobakiza wiki mbili kuvunwa.

Haishangazi, basi, kwamba kurunzi inayofungwa juu ya paa la pikapu na kuzungushwa kwa rimoti imeanza kuonekana katika maduka ya vipuri na mashambani. Ni kifaa ambacho wafugaji wa Marekani na Australia wamekitumia kwa miaka mingi. Dereva hukaa ndani ya gari, hubonyeza kitufe, na taa hugeuka kushoto, kulia, juu na chini. Halazimiki kushuka kwenye majani marefu yenye nyoka, wala kutoa mkono dirishani na tochi huku akiendesha kwa mkono mmoja.

Kifaa ni kizuri. Tatizo lipo katika namna kinavyonunuliwa na namna kinavyofungwa. Wapo wanaolipia tarakimu kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, wakapata mwanga usiofika mwisho wa shamba. Wapo pia waliofungiwa taa kwa waya mwembamba usio na fyuzi, ambao gari lao limebaki katika hatari ya moto kila wanapobonyeza swichi. Kwa mtu ambaye pikapu hiyo ndiyo mtaji wake wote, na pengine bado anaidaiwa na chama cha akiba na mikopo, hilo si jambo la kupuuzwa.

Kazi kwanza, taa baadaye

Swali la kwanza la mnunuzi liwe ni kazi gani anataka taa hiyo ifanye. Kurunzi ya kuzunguka hutoa mwanga mwembamba unaokwenda mbali. Inafaa kutafuta mifugo, kukagua mpaka wa shamba, kuangalia kina cha maji kwenye korongo kabla ya kuvuka, au kutambua kitu kinachotembea umbali wa mita mia mbili.

Haifai sana kwa kupakia mzigo. Vijana wanaopanga matenga nyuma ya gari wanahitaji mwanga mpana na laini, usiowapiga machoni. Kwa kazi hiyo taa ndogo ya LED ya mwanga mpana, ikifungwa nyuma ya kabini, hutosha kabisa na bei yake ni ndogo zaidi. Mfanyabiashara ambaye kazi yake ni kupakia na kusafirisha tu hana sababu ya kununua kurunzi ya rimoti. Fedha hiyo ingemfaa zaidi kwenye matairi.

Tarakimu zinasema nini

Anayeihitaji kweli ajifunze kusoma maelezo ya taa. Maboksi mengi hutangaza "lumeni" maelfu kwa maelfu. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, uwe umeelekezwa mahali pamoja au umetawanyika ovyo. Kinachoonyesha taa inafika wapi ni kandela, yaani nguvu ya mwanga katika mwelekeo mmoja.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua kandela, gawanya kwa umbali wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu ni kiwango cha mwanga kinachofika pale, kinachopimwa kwa luksi. Taa ya kandela 200,000 ikimulika mita 200 hupeleka luksi 5. Ikimulika mita 450 hupeleka takriban luksi 1. Kwa kulinganisha, mbalamwezi ya mwezi mpevu huwa kama robo ya luksi tu. Kwa hiyo luksi 1 inatosha kuona kwamba kuna mnyama, na luksi 5 zinatosha kutambua ni ng'ombe wa nani.

Mkulima mwenye ekari tano hahitaji taa ya kandela milioni moja. Shamba la ekari tano likiwa la mraba, kila upande wake una urefu wa kama mita 142. Taa ya kandela 100,000 hupeleka karibu luksi 5 katika umbali huo. Kinachozidi hapo ni fedha inayomulika shamba la jirani.

Muuzaji asiyeweza kutaja kandela za taa yake, akabaki kusema tu kwamba "hii ni kali sana", aombwe kuiwasha usiku mahali pa wazi. Atakayekataa atakuwa ameshajibu swali.

Halojeni au LED

Kurunzi za zamani zilitumia balbu za halojeni, na bado zipo sokoni. Faida yake ni bei nafuu na balbu inayobadilishwa kwa urahisi hata katika mji mdogo. Hasara yake ni ulaji wa umeme. Taa ya wati 100 kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 8. Taa ya LED ya wati 35 huvuta ampea 3 hivi na inaweza kutoa mwanga wa kulingana nayo.

Tofauti hiyo inaonekana gari linapokuwa limezimwa. Betri ya ampea 70 ikiwa nzima na imejaa, nusu ya uwezo wake ni ampea 35 kwa saa moja. Halojeni ya wati 100 itaimaliza nusu hiyo kwa saa nne na kidogo. LED ya wati 35 itachukua karibu saa kumi na mbili. Tena betri za kuwashia gari hazipendi kushushwa hadi nusu, na zikishushwa mara kwa mara hufa mapema. Betri iliyochoka itagoma kuwasha injini baada ya muda mfupi zaidi ya huo, na huenda ikawa ni katikati ya pori. Mwenye halojeni awashe injini angalau kila nusu saa.

LED nayo ina kasoro yake. Ikiharibika, mara nyingi taa nzima hutupwa. Zile za bei ya kutupa huleta mikwaruzo kwenye redio ya gari na hata kwenye redio za mawasiliano. Kipimo ni chepesi: washa redio ya gari, kisha washa taa. Redio ikianza kukoroma, taa hiyo irudishwe kwenye rafu.

Aidha, mnunuzi atazame alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. IP67 ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa, na kwamba taa inaweza kuzama ndani ya maji ya mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. IP65 inazuia vumbi na maji ya kurushwa kwa bomba. Katika barabara za vumbi za Dodoma na Manyara, taa isiyo na alama yoyote haitamaliza msimu, kwa kuwa vumbi huingia kwenye meno ya mota inayoizungusha.

Rimoti ziko za aina mbili. Ya waya haipotei, haiishiwi betri, na haiingiliani na taa ya mtu mwingine, ila waya wake unatakiwa kupitishwa hadi ndani ya kabini. Isiyo na waya hutumia mawimbi ya redio na humwezesha mtu kuielekeza taa akiwa nje ya gari. Anayechagua ya pili ahakikishe kuna swichi ya akiba ndani ya kabini, vinginevyo siku rimoti itakapoanguka mtoni taa itageuka kuwa pambo.

Volti 12 na volti 24

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea. Pikapu nyingi hutumia umeme wa volti 12. Malori kama Canter na Fuso hutumia volti 24, kutoka kwenye betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Taa ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja kwenye volti 24 huungua papo hapo.

Baadhi ya mafundi hukwepa tatizo hilo kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Taa huwaka na mteja hufurahi, lakini betri hiyo moja hushuka kila siku wakati mwenzake anajazwa kupita kiasi. Baada ya miezi michache mwenye lori hununua betri mbili mpya akidhani aliuziwa mbovu. Njia sahihi ni kununua taa ya volti 24, au ile iliyoandikwa wazi kwamba inapokea volti 10 hadi 30, au kufunga kifaa cha kupunguza volti.

Mahali pa kuifunga

Kurunzi zenye kitako cha sumaku haziachi tundu kwenye bodi na huhamishika kutoka gari moja hadi jingine. Hata hivyo sumaku hushika chuma peke yake. Haitashika kwenye bodi ya alumini wala kwenye kava la faiba la nyuma ya pikapu. Kabla ya kuibandika, paa lifutwe vizuri, kwa kuwa chembe za mchanga zikibaki chini yake hukwangua rangi na kuifanya iteleze. Katika barabara yenye mashimo au mwendo wa kasi, ivuliwe na kuwekwa ndani.

Kwa gari linalofanya kazi hiyo kila usiku, taa ya kufungwa kwa bolti ndiyo yenye uhakika. Kabla ya kushika drili, fundi aiweke taa kwa muda mahali palipokusudiwa, gari liwe gizani, na dereva akae kwenye usukani. Taa iliyo katikati ya paa mara nyingi humulika boneti, na boneti nyeupe huurudisha mwanga wote machoni mwa dereva. Kuisogeza kidogo mbele au kuinyanyua kwa sentimeta chache huondoa kero hiyo. Iliyofungwa nyuma ya kabini nayo inaweza kuzibwa na mzigo ukipangwa juu. Dakika kumi za majaribio huokoa tundu lisilozibika.

Penye keria au fremu ya chuma nyuma ya kabini, ni vyema taa ikafungwa hapo bila kutoboa paa. Ikilazimu kutoboa, kitambaa cha ndani cha paa kishushwe kwanza ili drili isikute waya au mwamba wa bodi. Kingo za tundu zisafishwe kwa tupa, zipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha bolti zifungwe na washa pana na silikoni. Tundu lililoachwa wazi litavuja mvua ya kwanza, na kutu itaendelea kula bodi kimyakimya.

Waya ndio roho ya kazi

Mtu anaweza kununua taa bora kuliko zote, kisha fundi akaiharibu kwa waya. Tuchukue mfano wa halojeni ya wati 100 iliyo umbali wa mita tano kutoka kwenye betri, ikiwa na waya wa kwenda na wa kurudi, jumla mita kumi. Kwa waya wa milimita za mraba 0.75, karibu volti 2 hupotea njiani. Kwa waya wa milimita 1.5, hupotea karibu volti 1. Kwa waya wa milimita 4, upotevu hushuka chini ya nusu volti. Upotevu wa volti 1 tu katika 12 hupunguza mwanga wa halojeni kwa kama robo. Umeme uliopotea hugeuka joto ndani ya waya.

Ndiyo maana waya huwa wa moto ukiguswa. Na ndiyo maana fyuzi si kitu cha hiari. Ikae karibu na betri, isizidi urefu wa kiganja kutoka kwenye ncha yake. Fyuzi iliyofungwa karibu na taa, mita tano mbele, hailindi chochote kati yake na betri. Waya ukichubuka katikati na kugusa bodi, betri humwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na plastiki huanza kuwaka kabla dereva hajajua moshi unatoka wapi. Kwa taa ya wati 100, fyuzi ya ampea 15 inatosha. Kwa LED ya wati 35, ya ampea 5 inatosha. Fyuzi ikiungua, sababu itafutwe. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake ni kulitia gari kiberiti kwa mkono.

Taa isiyo na rilei yake ya ndani ifungiwe moja, ili umeme mkubwa usipite kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Waya mkuu wenye fyuzi huingia namba 30, waya wa taa hutoka namba 87, swichi huunganishwa namba 86, na namba 85 huenda kwenye ethi. Ethi ya taa nayo ikwanguliwe rangi hadi chuma cheupe kionekane, au irudishwe moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri. Mahali waya unapopita kwenye bati pawekwe mpira, na kwenye injini uvishwe bomba la plastiki, mbali na ekzosi.

Kazi ikiisha, mteja asilipe kabla ya kipimo kimoja. Taa ikiwa imewashwa, fundi apime volti kwenye betri, kisha kwenye taa. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Fundi aliyesomea umeme wa magari, kwa mfano katika vyuo vya VETA, hatakasirika akiombwa kipimo hicho. Ni vyema pia mwenye gari akaiarifu kampuni yake ya bima kabla ya kazi, kuepusha ubishi siku ya ajali.

Taa na sheria, taa na jirani

Kurunzi yenye nguvu ina wajibu wake. Haiwashwi kwenye barabara ya magari. Dereva anayekuja mbele akipigwa nayo machoni hubaki kipofu kwa sekunde kadhaa, na gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 20 kila sekunde. Mwenye taa akitoka shambani na kushika lami, aigeuzie nyuma na kuizima.

Jambo la pili ni wanyamapori. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda usiku kwa kutumia taa, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Gari lenye kurunzi juu ya paa likikutwa usiku kando ya hifadhi litasimamishwa na askari, na hawatakuwa wamekosea kuuliza. Mkulima anayelinda shamba karibu na mpaka wa hifadhi amjulishe mapema ofisa wanyamapori wa halmashauri na serikali ya kijiji kwamba anayo taa hiyo na anaitumia wapi.

Kwa upande wa tembo, taa husaidia, ila haitoshi peke yake. Tembo mwerevu huzoea mwanga asipoona madhara yake. Inafanya kazi vizuri zaidi ikiunganishwa na honi, makelele na pilipili, na walinzi wakiwa kundi. Gari lisiwafukuze tembo, hasa wenye watoto, na lisizibe njia waliyoingilia, kwa sababu ndiyo watakayotaka kutokea. Dereva abaki mbali, injini ikiwa inaunguruma na pua ya gari ikielekea njia ya kuondokea.

Kipi kifanyike

Kwa kuwa kurunzi nzuri si ya bei ndogo, si lazima kila mkulima awe na yake. Vyama vya msingi vya ushirika na vikundi vya ulinzi wa mazao vinaweza kununua moja ya sumaku, yenye waya mnene na fyuzi yake, ikahamishwa kutoka pikapu moja hadi nyingine kwa zamu. Vijiji vinavyochangia mlinzi havishindwi kuchangia taa ya mlinzi.

Wauzaji nao waache kujificha nyuma ya maandishi ya boksi. Waandike kandela, wati, volti na alama ya kinga kwenye risiti, ili mteja awe na cha kurudi nacho. Mashirika ya viwango ya nchi zetu hukagua bidhaa nyingi za umeme wa nyumbani, na taa za magari zinastahili jicho hilohilo, kwa kuwa zinaungua kama nyingine.

Mkulima naye akumbuke kwamba cha rahisi ni ghali. Atakayeokoa fedha ya mita kumi za waya mnene na fyuzi moja anaweza kulipa kwa gari zima, pamoja na mzigo uliokuwa nyuma na deni lililokuwa mbele. Kabla ya msimu ujao kuanza, mwenye kurunzi tayari afungue boneti jioni moja, aufuate waya wake kuanzia kwenye betri, na kuitafuta fyuzi. Asipoiona ndani ya urefu wa kiganja, asiiwashe taa hiyo hadi fundi aje.